Bangi ya kuvuta, ya kunywa na ya kula: saa zake hazifanani

Tangu jimbo la Minnesota, Marekani, liruhusu bangi kwa watu wazima, Agosti 1, 2023, kuna swali ambalo Waswahili wenzangu wa huku hawachoki kuniuliza. Hawaulizi kama bangi ni nzuri au mbaya; jibu la hilo kila mmoja alishapewa na mama yake kabla hajapanda ndege. Wanauliza: "Hizi pipi zao, si afadhali kuliko kuvuta? Hazina moshi, hazina harufu." Wengi wao bangi waliijua kama msokoto wa kijiweni, unaonuka mpaka mtaa wa tatu. Sasa wanaikuta kwenye friji la duka la pombe, ndani ya kopo la rangi rangi kama soda, au kwenye pakiti ya pipi laini zilizopakwa sukari, na muuzaji anawapa pamoja na risiti.

Mimi si daktari. Natunza wazee, zamu ya usiku, na kazi hiyo ndiyo iliyonilazimisha kusoma lebo, maana siku hizi wako wazee wanaoletewa pipi hizi na watoto wao ili wapate usingizi. Kwa kukesha nao nimeona kwamba la kwanza kulinganisha ni saa, hata kabla ya nguvu. Anayevuta amechagua jioni moja. Anayekula amechagua usiku kucha, na pengine na kipande cha kesho yake.

Kanada ilihalalisha bangi Oktoba 17, 2018, na kanuni za bangi ya kula zikaanza mwaka mmoja baadaye. Wizara yao ya afya huwapa wananchi makadirio haya, nami ndiyo ninayoyatumia:

| | Kuvuta | Kula |
|---|---|---|
| Huanza kukolea | sekunde hadi dakika chache | dakika 30 hadi saa 2 |
| Hufika kileleni | ndani ya dakika 30 | hata baada ya saa 4 |
| Hudumu | hadi saa 6 | hadi saa 12 |
| Mabaki (usingizi, uzito wa kichwa) | hadi saa 24 | hadi saa 24 |

Saa zetu za Kiswahili zinasaidia kuukumbuka mstari wa tatu. Ukila saa mbili usiku, inaweza kukuachia saa mbili asubuhi. Jina la saa ni lile lile, jua tu ndilo limebadilika. Ukivuta saa mbili usiku, kwa watu wengi kilele kimepita kabla ya saa tatu, na saa sita au saa nane usiku kazi imekwisha. Mwenye zamu ya asubuhi aanzie hapo kupiga hesabu yake.

Kwa nini kula ni safari ndefu

Moshi ukiingia kwenye mapafu, THC, ile kemikali inayolewesha, hupita moja kwa moja kwenye damu na kufika kwenye ubongo kabla hujamaliza kukohoa. Hiyo ndiyo nafuu kubwa ya kuvuta na watu huisahau: mwili unakupa jibu papo hapo. Unavuta mara moja, unangoja dakika kumi, unajua ulipo. Ukiona inatosha unazima.

Chakula hakina njia ya mkato. Pipi inashuka tumboni, inaingia kwenye utumbo mwembamba, na damu ya huko yote hupelekwa kwanza kwenye ini. Ini halipitishi kitu bila kukikagua. Linaigeuza sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine, inayoitwa 11-haidroksi-THC, nayo huingia kwenye ubongo kwa urahisi kuliko mama yake. Anayevuta huipata kidogo sana. Anayekula huipata kwa wingi. Ndiyo maana wavutaji wa miaka mingi hushangaa wakila: stimu yenyewe ni nyingine, nzito zaidi, imekaa mwilini kuliko kichwani.

Halafu kuna suala la upotevu. Kati ya THC yote iliyomo kwenye msokoto, inayofika kwenye damu ni kama asilimia 10 hadi 35, kutegemea unavyovuta. Ya kula ni kama asilimia 4 hadi 12 tu. Mtu akisikia hivyo hudhani kula ni hafifu. Lakini tazama upana wa namba hizo: watu wawili wale pipi moja, mmoja anapata mara tatu ya mwenzake, na hata wewe mwenyewe Jumamosi hii si wewe wa Jumamosi iliyopita. Ukila ukiwa na njaa inaanza mapema. Ukila juu ya chakula cha mafuta inachelewa, kisha inafyonzwa kwa wingi zaidi, kwa sababu THC huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Wahindi walilijua hilo zamani. Bhang yao huchanganywa na maziwa, na neno letu bangi asili yake ni huko huko. Kwa hiyo pipi iliyoliwa baada ya sahani ya pilau ya harusini ina tabia tofauti kabisa na ile iliyoliwa alasiri tumbo likiwa tupu.

Dakika ya arobaini

Harusi nimeitaja makusudi. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima, fundi umeme, alipewa pipi mbili na rafiki baada ya sherehe. Akala moja. Dakika arobaini zikapita hajasikia kitu. "Hizi ni pipi za watoto," akasema, akaimalizia ya pili, na ya tatu akamwomba mwenzake. Saa mbili baadaye alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili, ananiambia moyo unataka kutoka. Hakuwa anakufa. Mapigo yalikuwa juu, mdomo umekauka, na kila dakika kwake ilikuwa na urefu wa ibada ya Ijumaa. Nilikaa naye mpaka adhana ya simu yake ikalia alfajiri.

Yeye alipona akacheka. Huko Colorado, Machi 2014, miezi mitatu tu baada ya maduka ya jimbo hilo kufunguliwa, kijana wa miaka 19 hakuwa na bahati hiyo. Biskuti aliyopata ilikuwa na miligramu 65 za THC, iliyokusudiwa kuliwa mara sita na zaidi. Alikula kipande kimoja kama muuzaji alivyoelekeza. Baada ya nusu saa hadi saa moja, hakuona kitu, akala iliyobaki yote. Maneno yake yakaanza kupotea, akawa mkali, na saa mbili na nusu baada ya kula ile ya pili akaruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Alikufa. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kiliandika tukio hilo, na kinachotisha ndani yake ni ukawaida wake: hakula kama mlevi, alikula kama mtu aliyengoja kidogo akachoka kungoja.

Msokoto hauna mtego huu. Una mitego yake, tutaifikia, lakini huu hauna. Ukichagua kula, umechagua pia kutokula tena usiku huo, hata ukiwa huoni chochote. Muda wa saa nne ndio mimi humwambia mtu, na nikimwona ana haraka namwambia kesho.

Pakiti ya Toronto si pakiti ya Denver

Hapa ndipo ndugu zetu hupotoshana kwa simu. Kanada, pakiti nzima ya bangi ya kula hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Colorado, miligramu 10 ni kipimo cha mlo mmoja tu, yaani cha kula mara moja, na pakiti inafika 100. Sheria ya Minnesota ya Julai 2022, iliyofungua mlango kwa pipi na vinywaji vya THC inayotokana na hemp, aina ya bangi yenye THC kidogo, iliweka miligramu 5 kwa mlo na 50 kwa pakiti. Sasa binamu aliye Toronto anakuambia kwa sauti ya WhatsApp, "Mimi nilikula pakiti nzima, mbona nililala tu?" Ni kweli, alilala. Wewe ukimwiga ukiwa Denver, huko Colorado, umekula mara kumi ya alichokula yeye.

Kwa hiyo achana na hesabu ya pakiti, vipande au mikato. Hesabu miligramu. Kanada humshauri anayeanza asizidi miligramu 2.5, ambayo ni robo ya pipi ya Colorado na nusu ya ile ya Minnesota. Kata kwa kisu, iliyobaki ifunge. Watu hucheka wakiona kile kipande, kidogo kama punje ya mahindi, na hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye cha pili.

Keki ya kupikwa nyumbani siiweki kwenye mizani hii hata kidogo. Mpishi hajui THC ya majani yake, siagi haikusambaa sawasawa, kona moja ya sinia haina kitu na kona nyingine imebeba ya watu watano. Biskuti za namna hiyo zinazouzwa kwa siri Nairobi ziko kwenye kundi hilo hilo: hazina lebo, hazina kipimo, na kwa sheria za Kenya na Tanzania ni kosa la jinai kuwa nazo, ziwe tamu namna gani.

Vya kunywa, na matone

Kopo la friji ni kitu cha kati. Kwa kuwa THC haiyeyuki kwenye maji, watengenezaji huyasaga mafuta yake kuwa chembe ndogo mno zinazoelea kwenye kinywaji, na chembe hizo hufyonzwa haraka. Wengi husema inaanza kati ya dakika 15 na 30. Haifikii kasi ya moshi, lakini inaipita pipi. Kwangu mimi hiyo ni faida, si kwa sababu ya haraka yenyewe bali kwa sababu inapunguza ile dakika ya arobaini ya mashaka. Tena kopo unalinywa polepole. Pipi ukishaimeza huwezi kuitema.

Ubaya wake ni sura. Linafanana na soda, limewekwa jirani na bia, na watu huyachanganya makopo hayo na bia kwenye sherehe moja. Pombe na bangi huongezeana nguvu; kizunguzungu na kutapika kwingi nilikokuona kwenye sherehe zetu kulitoka hapo. Angalia pia namba iliyo upande wa nyuma: kopo moja linaweza kuwa na milo miwili.

Matone ya chini ya ulimi yanatangazwa kuwa ya haraka. Ukiweza kuyashikilia pale dakika mbili bila kumeza, sawa, kiasi fulani hupita kwenye ngozi laini ya mdomo. Wengi humeza, na hapo yamekuwa pipi isiyo na sukari.

Mwili unalipa nini

Moshi ni moshi. Msokoto una lami na chembe zinazokera koo na mapafu, na mvutaji wa kila siku huishia na kikohozi chenye makohozi. Mwenye pumu hana la kujadili hapo. Kama lazima achague, kuvuta kumetoka. Hii ndiyo hoja ya wanaopenda pipi, na ni hoja ya kweli.

Upande wa pili tazama hospitali. Madaktari wa hospitali moja kubwa ya Colorado walichambua wagonjwa wa dharura wa mwaka 2012 hadi 2016. Bangi ya kula ilikuwa asilimia 0.32 tu ya THC yote iliyouzwa jimboni, lakini ilileta asilimia 10.7 ya waliofika kwa sababu ya bangi. Waliovuta walikuja zaidi na kutapika kusikokoma, ugonjwa wa watumiaji wa muda mrefu. Waliokula walikuja zaidi na hofu kali, kuchanganyikiwa, na moyo kwenda mbio. Ukisoma namba hizo unaona kila njia na mlango wake: moshi huwaumiza waliozoea, pipi huwakamata wageni. Na sisi wengi wetu ni wageni.

Moyo ni jambo la wenye umri. Kwa njia zote mbili THC huongeza mapigo, na mtu akisimama ghafla presha inaweza kushuka akaanguka. Mzee akivunjika nyonga huwa ni mwanzo wa safari nyingine. Jimbo la New Brunswick, Kanada, mzee wa miaka 70 mwenye ugonjwa wa moyo alilamba sehemu kubwa ya pipi ya kijiti yenye miligramu 90 akitafuta usingizi na nafuu ya maumivu, akapata mshtuko wa moyo. Madaktari wake waliandika habari zake mwaka 2019. Anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda asiguse kabla ya kuuliza, kwa sababu bangi huweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo.

Watoto nao. Msokoto mtoto hauli. Pipi anaila, na anakula zote. Simu zilizopigwa vituo vya sumu vya Marekani kuhusu watoto wa chini ya miaka sita waliokula bangi zilikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 zilikuwa 3,054. Kama nyumba ina mtoto, au ina mazoea yetu ya wageni wanaofungua friji bila kuuliza, mimi ningesema pipi zisikae humo kabisa. Kama zimo, ziwe kwenye kisanduku cha kufuli. Mtoto akila, usingoje dalili: 1-800-222-1222 ni namba ya bure ya sumu kwa Marekani nzima, na akilegea au kupumua vibaya ni 911.

Mtu mzima aliyezidiwa hana dawa ya kumrudisha. Kahawa na kuoga maji baridi ni kujisumbua. Mpe maji, mlaze kwa ubavu mahali pa utulivu, mwambie itapita na ni kweli itapita, usimwache peke yake, funguo za gari zifiche. Maumivu ya kifua au kutapika bila kikomo, mpeleke hospitali na mweleze daktari alikula nini na saa ngapi.

Ambapo kuvuta na kula ni mamoja

Kuna watu ambao ulinganisho wote huu hauwahusu, nao ni wengi katika jamii yetu. Dereva wa lori ni wa kwanza. Kipimo cha mkojo hakitafuti stimu, kinatafuta mabaki, na mabaki ya THC hujificha kwenye mafuta ya mwili: aliyetumia mara moja huonekana kwa siku kama tatu, wa kila siku anaweza kuonekana hata baada ya mwezi. Vipimo vya madereva wa malori viko chini ya sheria ya shirikisho, haijali jimbo limeruhusu nini, na tangu Januari 2020 kila aliyekutwa nayo huingizwa kwenye kumbukumbu ya taifa ambayo mwajiri mpya lazima aitazame. Pipi ya Jumamosi inaweza kumtoa mtu barabarani.

Wa pili ni mwenye faili la uhamiaji. Kwa sheria ya shirikisho bangi bado ni haramu, na Aprili 2019 idara ya uraia ilieleza waziwazi kwamba kuitumia, au kufanya kazi kwenye biashara yake, hata katika jimbo linaloiruhusu, kunaweza kumkosesha mwombaji sifa ya mwenendo mwema. Huhitaji hata kukamatwa. Kukiri kwenye mahojiano kunatosha kukuletea matatizo. Nimewaona watu waliokaa kambini miaka kumi na tano wakingoja kuja huku, halafu wanapiga picha na kopo la THC na kuiweka mtandaoni. Usipitishe pia mpaka wa Kanada na Marekani ukiwa nayo, upande wowote, wala usiisahau kwenye begi la kwenda Dar es Salaam.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Morogoro, zaidi ya miaka sitini, aliniletea pakiti aliyonunuliwa na binti yake kwa ajili ya usingizi. Nikamuuliza anameza dawa gani; akataja ya presha na ile ya kuzuia damu kuganda. Nikamuuliza karatasi zake zimefika wapi. Mahojiano ya uraia yalikuwa Novemba. Nikamuuliza nani hulala naye nyumbani. Wajukuu wawili, mmoja wa miaka minne. Sikuhitaji kumwambia zaidi. Aliifunga pakiti kwenye khanga, akasema atamrudishia mwenyewe, kisha akataka kujua kama chai ya mchaichai nayo ina miligramu.